Nimekabidhiwa akina mama kwenye kambi ya mafuriko (Rufiji). Nianzie wapi?

BintiNdengereko
19 Aprili 2024, saa 3:40 usiku

Shikamooni wakubwa, habari za usiku wengine wote.

Niko Rufiji. Maji yalitutoa kijijini mwanzoni mwa mwezi huu, na sasa kaya mia moja na kitu, watu kama 600, tumejazana kwenye shule ya msingi iliyo mwinuko. Wengine wako madarasani, wengine kwenye mahema uwanjani. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nimefundishwa chanjo, malaria na lishe. Juzi nikaitwa nikaambiwa, wewe ni mwanamke na umesoma, utasimamia mambo ya akina mama. Basi. Hakuna karatasi wala maelekezo.

Hali ni hii. Kuna darasa lina kaya tisa, zimetenganishwa kwa kanga. Vyoo ni vya wanafunzi, matundu 12. Milango mitano haina komeo, tundu moja halina mlango kabisa, na upande wa wavulana na wa wasichana sasa anaingia yeyote. Umeme hakuna. Kisima kiko nyuma ya mikorosho na kuni tunafuata huko huko.

Wiki hii kuna mtoto [sentensi tatu nimeziondoa baada ya kusoma ushauri wa Mama Mkunga hapo chini]. Sikujua niulize au ninyamaze. Sikulala usiku ule.

Naomba wenye uzoefu waniambie: naweza kufanya nini sasa, bila fungu lolote? Na jambo likishatokea, ninaanza na nini? Hospitali ya wilaya iko Utete, na njia imekatika, sehemu nyingine tunavuka kwa mtumbwi.

---

MzeeWaKata
19 Aprili, saa 4:15 usiku

Binti, hongera kwa moyo huo. Ushauri wangu usilikuze jambo. Hapo mko ndugu na majirani, na maji yakishuka mtarudi kijiji kimoja. Likitokea la kutokea, wazazi wa pande mbili wakutanishwe na wazee, aliyekosa atoe faini, mambo yaishe. Polisi huvunja undugu.

---

MkungaKasulu
20 Aprili, saa 11:50 alfajiri

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili, na kabla sijasema lolote nakuomba urudi juu ufute yale maelezo ya mtoto. Umetaja wilaya, shule iliyo mwinuko, darasa lake na alikotoka siku ile. Mtu yeyote wa hapo akisoma anamjua. Najua umeandika kwa uchungu. Lakini siri ya mtoto huyo ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho, na wewe ndiye umeshika funguo.

Sasa yeye mwenyewe, kwa sababu yeye hawezi kusubiri mengine. Usimhoji. Usimwite mbele ya mtu. Mtafute mama yake leo, kwa kisingizio cha chochote, hata kumsaidia kuosha vyombo, umwambie taratibu: "Kuna dawa ambazo zina muda wake. Kama mtoto alifanyiwa jambo, zinatakiwa zianze ndani ya siku tatu. Mimi nitawasindikiza na sitamwambia mtu." Kisha nyamaza. Mama anayemnyamazisha mwanawe mara nyingi anaogopa, hajui aende wapi, na aliyemfanyia hivyo huenda yuko darasa la jirani. Kwa mtoto kuna jambo jingine pia: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa mtoto anapodhulumiwa. Kwa hiyo mtafute afisa ustawi wa jamii wa wilaya, hata kwa simu. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure, na watakuelekeza.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nilifanya kazi Nyarugusu, ile kambi ya Wakongo iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, na Warundi walipoanza kumiminika mwaka 2015 nikahamia Nduta, Kibondo. Nitakusimulia siku moja ya huko, kwa sababu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii yamo ndani yake.

Mwanamke alishambuliwa akitafuta kuni, siku ya Ijumaa saa nane mchana. Alifanya kila alichotakiwa kufanya. Alikwenda kwa kiongozi wa mtaa wake kambini, akaambiwa kamati itakaa Jumamosi. Kamati ilipokaa ikamwita mumewe kwanza. Mume akamtoa nje na vyombo vyake. Jumapili akaenda ofisi nyingine, akaambiwa hapa si mahali pake, aje na barua. Jumatatu saa kumi na mbili jioni akanifikia mimi, nikiwa nafunga chumba. Nilihesabu kwa vidole, yeye ananitazama. Saa 76.

Dawa za PEP, zile za kukinga VVU, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyokinga vizuri, kisha zinamezwa siku 28 bila kuruka. Zilikuwa kabatini nyuma yangu. Zilikuwepo tangu Ijumaa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba (P2) vina nafasi hadi saa 120, hivyo nikampa, pamoja na dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini. Lakini zile saa 72 zake zilikuwa zimeliwa na meza za watu. Kila aliyekaa kwenye meza alitaka asikie habari yote upya, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kumpa.

Tangu siku hiyo nikawa nawaambia wahudumu wote niliowafundisha: ukipokea mtu, usitake habari yote. Haikuhusu. Sema "pole sana, umefanya vizuri kuniambia, kosa si lako." Mwangalie kama ana jeraha na kama ana pa kulala usiku huu. Mweleze ni huduma zipi zipo na wapi. Muulize anataka nini. Kwa mtu mzima, anayeamua ni yeye. Akisema hospitali tu, polisi hapana, basi ni hospitali tu. Akisema kesho, mweleze habari ya saa 72 mara moja, kwa upole, halafu umwachie. Usimwahidi kwamba mtu atakamatwa. Usiandike jina lake kwenye daftari la mahudhurio, wala kwenye kundi lenu la WhatsApp, hata kwa herufi mbili.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii, kabla halijatokea lingine, ni njia. Piga simu Utete uulize mambo mawili: je, PEP na P2 zipo, na nani yuko zamu usiku? Pata jina na namba. Zungumza na mwenye mtumbwi mmoja unayemwamini, mkubaliane kwamba ukimpigia, hata saa nane usiku, anavusha na haulizi. Ikiwezekana mganga mfawidhi akubali dozi za kuanzia ziwekwe kwenye zahanati iliyo upande wenu wa maji, hilo litakuwa bora kuliko yote niliyoandika hapa.

Sasa kambi yenyewe. Sisi Nduta tulifanya kosa ambalo nisingependa ulirudie. Tulipewa hema safi, jeupe, lenye kibao kinachosema huduma kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia. Tukakaa ndani wiki sita. Akaja mmoja. Nani angeingia mle jirani zake wanamwona? Tuliposhusha kibao na kuhamia chumba cha nyuma cha kliniki ya mama na mtoto, mlango ule ule wanaopita wenye mimba na wa uzazi wa mpango, wakaanza kuja wiki ile ile. Na jambo la lugha: tulikuwa na mkalimani wa Kirundi, kijana mzuri, lakini alikuwa mkazi wa mtaa huo huo. Wanawake walikuwa wanasema tumbo linauma, wanaishia hapo. Mimi ni Muha, Kirundi kinaniingia bila mkalimani. Siku alipokuwa hayupo ndipo nilipoyasikia ya tumbo. Usimtumie jirani, na usimtumie mtoto, kusikiliza au kutafsiri mambo haya.

Vyoo. Viwango vinavyotumika kwenye kambi duniani vinasema tundu moja kwa watu 20, kwa hiyo ninyi 600 mnahitaji 30, na matatu ya wanawake kwa kila moja la wanaume. Najua hutayapata matundu 18 kesho. Lakini unaweza kesho asubuhi kugawa yale 11 yenye milango: manane au tisa yawe ya wanawake na watoto, yawe upande mmoja, na ya wanaume yawe upande wa pili wenye njia nyingine. Kupanga upya hakuna gharama. Komeo liwe la ndani. Tundu lisilo na mlango lifungwe kabisa kwa mabati, kwa sababu mtu akibanwa usiku ataliingia.

Usikae kwenye kiti ukapanga peke yako, maana hata mimi nilikosea hapo. Wachukue wanawake watano wa rika mbalimbali, awepo bibi, awepo msichana, awepo mwenye ulemavu kama yupo, mtembee nao kambini mchana na halafu usiku. Usiwaulize nani amebakwa. Waulize, "Wapi hapa hupapendi kupita?" Watakuonyesha mahali ambapo wewe hungepafikiria.

Kuni muende kwa makundi, saa moja inayojulikana, watu kumi au kumi na tano. Kule kwetu sungusungu wa kambi waliwasindikiza baadhi ya siku, lakini hao sungusungu lazima wachaguliwe na akina mama wenyewe. Msindikizaji mbaya ni hatari kuliko pori.

Mgao wa chakula sasa. Nimekaa na watu wa pwani, najua nyumba za wake wawili ni nyingi. Kadi ikiandikwa kwa jina la mume peke yake, mke mdogo anakula kwa hisani, na mwanamke anayekula kwa hisani hawezi kusema hapana. Kila mama awe na kadi yake. Wajane na wasichana wanaolea wadogo zao wawe wa kwanza kuandikwa. Na anayegawa asiwe mmoja, wawe wawili, mwanamke mmoja, hadharani, mchana. Wakati wa Ebola kule Kongo, miaka ya 2018 hadi 2020, tume huru ilikuja kukuta watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono miongoni mwa waliokwenda kusaidia, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Kwa hiyo usimwogope mwenye fulana ya shirika. Akimwambia msichana unga uko lakini aje jioni, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai. TAKUKURU ni 113.

La mwisho nitalisema kwa kifupi ingawa ndilo kubwa. Wengi niliowapokea hawakupigwa wala kuumizwa na mtu wa porini. Walitoka hema la kwao. Mume amepoteza shamba, ng'ombe na kazi, anakunywa, anarudi. Darasa lenye kaya tisa linasikia kila kitu na asubuhi kila mtu anaangalia chini. Mtenge kona moja ya kulala wanawake ambayo mtu anaweza kuhamia usiku bila kueleza sababu. Iite chumba cha wanaonyonyesha.

Mzee wangu MzeeWaKata, kwa heshima zako zote: nimewashona wasichana ambao faini yao ililipwa. Mbuzi walichinjwa, wazee wakala. Msichana hakuulizwa.

---

Dawati_Morogoro
20 Aprili, saa 2:20 asubuhi

Nimefanya kazi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Naongezea machache kwa Mama Mkunga.

Matibabu kwanza. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inaweza kujazwa hospitalini au baada ya hapo, siku hiyo hiyo. Mkikutana na mtu anayewaambia "hakuna fomu, hakuna dawa", mwombe mganga aanze dawa zenye muda na umpigie polisi wa dawati awafuate huko. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, siyo wa plastiki, zisije zikaoza kwa unyevu. Kama ameshaoga, bado aende. Watu wengi huacha kwenda kwa sababu wameambiwa kuoga kumefuta kila kitu.

Kuhusu kumaliza nyumbani: kubaka ni kosa la jinai, adhabu yake haiwi chini ya miaka 30 jela. Hakuna kikao cha wazee chenye mamlaka ya kulifuta, na anayepokea faini ili kesi isiende anaweza kujikuta naye ana la kujibu. Mzee, sisemi kwa kukuvunjia heshima. Wazee wana kazi yao hapo: kukataa kukalia vikao hivyo.

---

MamaMasisi
20 Aprili, saa 7:05 mchana

Jambo wote. Mimi niko kambi ya Bulengo, pembeni ya Goma, Kongo. Nilikimbia vita Masisi, huu ni mwaka wa pili niko kwenye blindé, hivi vijumba vya sheeting. Nasoma na naona Rufiji na huku ni kitu kimoja.

Huku kuni ndiyo imetumaliza. Chakula kinakuja mara moja, halafu miezi hakuna. Mama anaenda pori ya Virunga kutafuta kuni, moja ya kupika, nyingine ya kuuza apate unga. Anajua kuna wenye silaha. Anaenda. Tulipoulizana kwa nini tusiwatume wanaume, wamama walisema: mwanaume akienda watamuua, sisi tukienda watatubaka, tutarudi. Walisema hivyo kama hesabu ya soko. Bado inaniuma nikikumbuka.

Kwa hiyo dada yangu, kwenda kwa kundi ni vizuri, lakini kundi halikati njaa. Kilichopunguza safari kwetu ilikuwa ni majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo. Wamama kumi walifundishana kuyafinyanga, wakafundisha wengine, safari zikatoka kila siku zikawa mbili kwa wiki. Udongo mnao hapo, mafuriko yamewaletea. Na wapikeni pamoja, nyumba tano chungu kimoja cha maharage.

Jambo jingine: wakija na kamera, wakatae. Huku wamekuja wengi, mama anasimulia, picha inaenda, yeye anabaki na aibu na hema lile lile. Bukavu kule hospitali ya Panzi kwa daktari Mukwege wanamtibu mtu mwili na moyo, wanamtafutia mwanasheria, wanamfundisha kazi ya kumlisha, vyote nyumba moja. Ndiyo maana wamama wanasafiri kwenda huko. Mtu akikuomba habari yako, muulize amekuletea nini kati ya hivyo.

---

MzeeWaKata
20 Aprili, saa 1:30 usiku

Nimesoma yote. Nimekalia vikao vya namna hiyo viwili maishani mwangu na nilidhani ninaponya. Nashukuru kuambiwa. Binti, kama uko karibu na kata ninayoifikiria, nina mtumbwi wa mashine. Nitumie ujumbe binafsi.

---

BintiNdengereko
26 Aprili, saa 4:10 usiku

Shikamoo Mama Mkunga. Asanteni nyote.

Kuhusu mtoto: amefika panapohusika, alifika ndani ya muda, na sitaandika zaidi.

Vyoo tumegawa, manane kwa matatu. Wanaume walinung'unika siku moja. Fundi mmoja aliyehama na sisi alichonga makomeo ya mbao kwa vipande vya madawati yaliyovunjika, bila malipo. Usiku tulitembea, sisi sita na bibi mmoja mwenye fimbo. Nilikuwa na hakika wataniambia kisima. Hakuna aliyetaja kisima. Walisimama kwenye kona ya stoo ya shule, ambako vijana wanakaa kuchaji simu kwa ile sola ndogo hadi usiku wa manane. Ni lazima upite mbele yao ukienda chooni, na njia ni nyembamba, mkono unaweza kukufikia. Msichana mmoja alisema tangu tufike hanywi maji kuanzia saa kumi jioni. Mimi namwona kila siku, nilidhani ni mgonjwa.

Sola tumeihamisha mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Vijana wakaifuata, ikawa rahisi hivyo. Sasa kona ile ni tupu lakini ni giza. Kadi za wake wadogo bado zinabishaniwa, naambiwa orodha imeshapelekwa wilayani. PEP: Utete zipo, nina namba mbili za zamu. Dozi za kuanzia kuwekwa upande wetu, wamesema watajibu.

Mama, swali langu ni hili. Nimepata taa mbili tu za sola. Niweke chooni zote mbili, au moja njiani?

---

MkungaKasulu
27 Aprili, saa 11:40 alfajiri

Marahaba mwanangu. Weka zote mbili njiani. Taa ikiwa chooni peke yake, anayejificha gizani anamwona anayetoka, na anayetoka hamwoni. Moja iwe pale kona ya stoo, juu kuliko mkono unavyofika, nyingine katikati. Chooni waingie na tochi ya simu.

Na hiyo orodha ya wilayani usiiache. Andika yenu mpya, majina ya akina mama wote, kila mmoja na kidole gumba chake, mmpe mtendaji hadharani, wenyewe wakiwa wamesimama. Yule msichana asiyekunywa maji awe wa kwanza kupewa taa ya kushika kama itapatikana ya tatu. Nitakupigia jioni tuzungumze habari ya dozi. Yule wa zamu ya usiku Utete, mwulize kama anasikia Kindengereko.